Supa Gani Ina Bei Nafuu? Nilibeba Orodha Moja Maduka Matatu, Haya Ndiyo Niliyojifunza

Jumatano moja jioni, mwezi ukiwa kona, niliingia supamaketi ya mtaani kuchukua mkate na pakiti mbili za maziwa ya chai. Nikaweka namba ya till, nikaweka PIN, nikangoja. Meseji ikarudi: salio halitoshi. Nikaangalia salio. Sh46.

Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimetenga Sh3,000 za chakula cha wiki nzima. Sisi ni wanne nyumbani: mimi, mke wangu na watoto wawili. Sh3,000 si pesa nyingi, lakini kwa hesabu yetu zilipaswa kufika Ijumaa. Zilifika Jumatano. Foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kuguna, keshia ananiangalia. Nikafanya kile wengi wetu hufanya. Nikafuliza.

Shida ya kufuliza kwa ajili ya mkate ni kwamba mkate unaisha asubuhi, deni linabaki. Pesa inayofuata kuingia kwenye simu inaanza kwa kulipa deni pamoja na ada yake, kwa hivyo bajeti ya wiki inayofuata inaanza ikiwa imepungua, na Jumatano ya wiki hiyo inakuja mapema zaidi. Hiyo ilikuwa wiki yetu ya tatu mfululizo.

Usiku huo, watoto wakiwa wamelala, nikafungua taarifa ya miamala kwenye simu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo mfukoni siku zote, ila sikuwa nalisoma.

Pesa zilienda wapi?

Hii ndiyo hesabu niliyoikuta:

Jumamosi, shopping ya wiki: Sh1,904
Jumapili, vitu vidogo: Sh260
Jumatatu, vitu vidogo: Sh330
Jumanne, vitu vidogo: Sh460
Jumla: Sh2,954

Ona hapo. "Vitu vidogo" vilikuwa vimekula Sh1,050, zaidi ya theluthi ya pesa zote. Robo ya sukari hapa, mafuta ya mia hapa, maziwa yaliyoisha, soda kwa sababu nilikuwa tayari dukani.

Mke wangu alipoona hesabu hiyo aliuliza swali moja: "Na hizo elfu moja mia tisa za Jumamosi, una uhakika tunanunua mahali pazuri?" Sikuwa na uhakika. Tulikuwa tunanunua pale kwa sababu ni karibu, basi.

Hapo ndipo tukaandika orodha ya vitu nane ambavyo hatuwezi kukosa, nami nikaibeba kwenye maduka matatu ndani ya saa ishirini na nne, ili bei zisipate nafasi ya kubadilika.

Orodha moja, maduka matatu

Sitataja majina ya maduka, kwa sababu bei za tawi moja si lazima ziwe za tawi lingine, na bei za wiki hii si za wiki ijayo. Tuyaite hivi:

Duka A ni supamaketi kubwa ndani ya mall. Nauli kwenda na kurudi Sh100.
Duka B ni supamaketi ya mtaani. Natembea kwa miguu dakika kumi.
Duka C ni la jumla na rejareja karibu na kazini. Narudi na mizigo kwenye matatu ninayopanda kila siku, kwa hivyo hakuna nauli ya ziada.

Bei nilizoandika, kwa mpangilio wa A, B, C:

Unga wa mahindi kilo 2: 139, 149, 142
Sukari kilo 1: 148, 155, 145
Mafuta ya kupikia lita 1: 289, 305, 310
Mchele kilo 2: 360, 340, 320
Maziwa nusu lita, pakiti 4: 216, 220, 208
Mkate gramu 400, miwili: 130, 130, 130
Sabuni ya unga kilo 1: 229, 265, 240
Ndengu kilo 1: 190, 175, 160

Jumla: A Sh1,701. B Sh1,739. C Sh1,655.

Jambo la kwanza: hakuna duka lililoshinda kila kitu. A lilikuwa chini kwenye unga, mafuta na sabuni. C lilikuwa chini kwenye sukari, mchele, maziwa na ndengu. Mkate ulikuwa bei moja kila mahali. Duka likiweka bango kubwa la ofa ya mafuta mlangoni, hilo halikwambii lolote kuhusu bei ya ndengu iliyo nyuma kule.

Jambo la pili: A ni nafuu kuliko B kwa Sh38. Lakini nauli ya A ni Sh100. Ukiiongeza, A inafika Sh1,801 na kuwa ghali kuliko zote. Tungekuwa tumeenda kule kila wikendi tukidhani tunaokoa.

Jambo la tatu: hata ningezunguka maduka yote matatu na kuchukua kila kitu pale kilipo nafuu, ningelipa Sh1,620. Hiyo ni Sh35 tu chini ya C, kabla ya nauli na kabla ya jasho. Kuzunguka sana hakulipi.

Basi uamuzi ulikuwa rahisi. C. Tunaokoa Sh84 kila wiki ukilinganisha na B. Nikanunua, nikapanda matatu, nikafika nyumbani kifua mbele.

Halafu tukaanza kupika

Jumapili tukapika ule mchele wa Sh320. Mke wangu aliuchambua kwa sinia karibu na dirisha na kutoa vijiwe. Punje nyingi zilikuwa zimevunjika, na punje zilizovunjika zikiiva hushikana. Wali ukatoka kama uji mzito. Watoto walikula nusu, nusu ikabaki kwenye sahani.

Jumanne nikafungua friji kuchukua maziwa. Pakiti mbili zilikuwa zimeganda. Nikaangalia tarehe: mwisho wake ilikuwa Jumatatu. Nilikuwa nimenunua Jumamosi maziwa yenye siku mbili za uhai, na sikuangalia kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye bei. Pakiti mbili za Sh52 ni Sh104, zote zikamwagwa.

Nilikuwa nimeokoa Sh84 na kutupa Sh104. Nimebaki nyuma kwa Sh20, hata kabla ya kuhesabu wali uliobaki.

Hapo nikaelewa kwamba bei ya kweli ya chakula si ile iliyo kwenye rafu. Ni bei ya kile kinachoingia tumboni. Ukilipia pakiti nne ukanywa mbili, umenunua maziwa kwa bei maradufu.

Cha kuangalia kabla ya kuweka kwa kikapu

Tangu siku hiyo huwa nachukua dakika moja zaidi kwa kila kitu:

Maziwa na mkate. Soma tarehe, na usichukue pakiti ya mbele bila kuangalia ya nyuma. Wapanga rafu huweka za zamani mbele ili zitoke kwanza. Si kosa, ni kazi yao. Kazi yako ni kunyoosha mkono. Ukikuta maziwa ya bei ya chini yenye siku mbili, chukua tu yale utakayotumia siku hizo mbili.

Mchele na nafaka. Kama mfuko unaonyesha ndani, uinue kwenye mwanga. Tazama punje zilizovunjika, vumbi chini ya mfuko, na vijitundu kwenye ndengu au maharagwe. Tundu ni alama ya fukusi. Mchele wa kupima, ingiza mkono na uunuse. Wenye harufu ya uvundo uliingia unyevu.

Unga. Tafuta alama ya ubora ya KEBS. Namba ya kibali huwa imeandikwa hapo kwenye alama. Unaweza kuihakikisha kwa kutuma meseji yenye SM# ikifuatiwa na namba hiyo kwenda 20023. Unga wa mahindi wa pakiti unatakiwa kuongezwa virutubisho kisheria tangu mwaka 2012, kwa hivyo pakiti isiyo na alama yoyote, hata ikiwa chini kwa ishirini, ina maswali ya kujibu.

Uzito. Usiamini ukubwa wa pakiti, soma gramu. Kuna bidhaa zinazofanana kwa sura na bei, moja ni kilo nzima na nyingine ni gramu 900. Vilevile chupa ya mafuta inaweza kuonekana ya lita moja kumbe ni mililita 900.

Kubwa si nafuu kila wakati

Tumezoea kuambiwa ukinunua kubwa unaokoa. Mara nyingi ni kweli. Ile robo ya sukari niliyokuwa nachukua kwa kiosk kwa Sh45, ukizidisha mara nne ni Sh180 kwa kilo, na supa ya mtaani inauza kilo kwa Sh155. Sh25 zinapotea kwa kila kilo.

Lakini fanya hesabu kila mara. Duka B linauza mafuta ya nusu lita kwa Sh165, hiyo ni Sh330 kwa lita. Lita moja ni Sh305. Sasa njoo kwenye mtungi wa lita tatu: Sh945. Gawanya kwa tatu, unapata Sh315 kwa lita. Mtungi mkubwa ni ghali kuliko chupa tatu za lita moja! Ukiwa kwenye ofa ya Sh885, lita inashuka hadi Sh295, na hapo ndipo unafaa kuununua. Simu yako ina kikokotoo. Bei ugawanye kwa lita au kilo, sekunde kumi, umemaliza.

Na tusiwadharau wanaonunua kidogo kidogo. Ukifanya kibarua cha kulipwa kila jioni, Sh305 za mafuta hazipo kwa mkono siku moja. Dawa yake si kukopa ili ununue kubwa. Jaribu kuweka kando Sh50 kila siku kwenye akiba ya simu, mahali ambapo hutaiona ukinunua airtime. Kwa siku sita una Sh300, na Jumamosi unaongezea shilingi chache na kununua chupa nzima. Ukianza na bidhaa moja tu, wiki inayofuata utaongeza ya pili. Haba na haba hujaza kibaba.

Mboga: supa au mama mboga?

Kwa vitu vya pakiti, supa mara nyingi iko mbele ya kiosk. Kwa mboga mambo ni tofauti. Supa inauza nyanya kwa kilo, mama mboga anauza kwa fungu, kwa hivyo kulinganisha ni vigumu mpaka upime. Nilibeba fungu langu la nyanya hadi kwenye mizani ya supa, nikajua kilo inanigharimu ngapi kwa mama mboga. Jaribu mara moja tu, utashangaa, upande wowote ule.

Mama mboga ana mambo ambayo mizani haionyeshi. Anakukatia sukuma. Anakuongezea kitunguu. Anakwambia "hizi za leo si nzuri, ngoja kesho." Siku umekwama anakuandika kwa kitabu bila ada. Supa nayo inakuacha uchague mwenyewe moja moja, ila ziepuke zile zilizofungwa kwenye nailoni kwa ofa mpaka ugeuze uone za chini.

Ukiwa na majirani watatu au wanne, soko la jumla nalo lipo: Marikiti hapa Nairobi, Kongowea kule Mombasa, Kibuye kule Kisumu. Mnachanga, mmoja anaenda alfajiri, mnagawana gunia la viazi au kreti ya nyanya. Kwa familia moja, nauli na kuoza vitakula faida yote.

Bei ya rafu na bei ya keshia

Wiki mbili baadaye nilichukua ule mtungi wa mafuta wa lita tatu kwa ofa ya Sh885. Kwa keshia, skrini ikaonyesha Sh945.

"Dada, rafu inasema mia nane themanini na tano."

"Ofa iliisha jana, boss."

"Lakini kibandiko bado kiko pale. Nimekipiga picha."

Akaita supavaiza. Supavaiza akaenda, akaona, akarudi na kibandiko mkononi. Nikauziwa kwa Sh885. Hakuna kelele iliyopigwa, wala hakuna aliyekosewa heshima. Lakini kama ningelipa kwanza na kugundua nyumbani, hizo Sh60 ningezisahau.

Kwa hivyo piga picha ya kibandiko cha ofa, angalia skrini wakati bidhaa zinapitishwa, na uliza kabla ya kulipa. Hiyo ni haki yako. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Duka likikataa kabisa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Utahitaji risiti, kwa hivyo usiiache kwa kaunta.

Risiti yenyewe isome. Utaona VAT ya asilimia 16 imehesabiwa kwa baadhi ya vitu tu, kama sabuni na mafuta. Mkate wa kawaida hautozwi. Bila shaka unakumbuka joto la mwaka 2024, pendekezo la kuutoza lilipokuja na Mswada wa Fedha, kabla mswada huo kuondolewa. Bei ya rafu huwa tayari imejumlisha kodi. Mtu asikuongezee nyingine kwa keshia.

Kulipa kwa simu bila kuvuja

Pesa nyingine hupotea wakati wa kulipa. Zingatia haya:

Lipa kwa namba ya till. Ukilipa dukani kwa Lipa na M-Pesa Buy Goods, mteja hakatwi ada. Ukitoa pesa kwa ejenti kwanza ili ulipe taslimu, umelipa ada ya kutoa bila sababu.

Soma jina kabla ya PIN. Skrini hukuonyesha jina la biashara. Kama si la duka ulilomo, simamisha na uulize. Kurudisha pesa iliyoenda kwingine ni safari ndefu.

Mtandao ukikwama, usilipe mara ya pili upesi. Angalia salio kwanza. Kama limepungua, malipo yamepita, hata kama meseji imechelewa. Mwonyeshe keshia na umwombe aangalie upande wake.

Usifute meseji za malipo. Hizo ndizo daftari lako. Kila Jumapili jioni jumlisha vitu viwili: shopping kubwa ilikuwa ngapi, na vitu vidogo vilikuwa ngapi. Usianze na hesabu ngumu.

Pointi ni asante, si akiba. Kadi ya duka ni nzuri ukiwa tayari ungenunua pale. Usiongeze kitu cha Sh300 ili upate pointi za shilingi chache. Nakumatt na Tuskys zilikuwa kila kona ya nchi hii, na leo hazipo. Pesa yako ikae kwako.

Beba mfuko wako. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku mwezi Agosti 2017, mfuko dukani unanunua. Ukisahau kila wiki, kwa mwaka umenunua mifuko zaidi ya hamsini.

Tuliishia wapi?

Sasa tunafanya hivi. Shopping kubwa tunafanya Duka B, lile la mtaani, ambalo kwenye karatasi ndilo lilikuwa ghali kabla ya nauli. Mchele wake hauna mawe, maziwa yake huingia kila asubuhi, na tunaenda kwa miguu. Sukari na ndengu nachukua Duka C nikitoka kazini, baada ya kuangalia matundu. Mboga ni kwa mama mboga wetu. Duka A tunaenda tukiwa na safari nyingine upande ule.

Mabadiliko makubwa hayakutoka kwa kuchagua duka. Yalitoka kwa vile vitu vidogo. Tulihamisha sukari na mafuta kutoka kwenye robo robo za katikati ya wiki hadi kwenye orodha ya Jumamosi, na tukakubaliana kwamba mtu akitumwa mkate, analeta mkate.

Bado kuna wiki ngumu. Shule zikifunguliwa au mtoto akiugua, hesabu yote inapinda. Lakini Jumatano iliyopita nilisimama kwenye foleni ileile, na mkate na pakiti mbili za maziwa, tarehe nimesoma. Nikaweka PIN. Meseji ikaingia mara moja, na salio lililobaki lilikuwa na tarakimu tatu. Nikatembea nyumbani bila deni la mkate.

Wikendi hii, andika vitu vinane ambavyo nyumba yako haiwezi kukosa. Beba orodha hiyo kwenye maduka mawili tu unayoyafikia bila nauli. Andika bei, soma tarehe, gawanya kwa kilo. Kisha fungua meseji zako za wiki iliyopita na ujumlishe vile vitu vidogo. Huenda pesa unayoitafuta kila Jumatano iko hapo.